Koti la Marehemu na Dawa ya Mrija

Wanangu mnaoanza kazi ya hospitali, kabla ya yote mnisamehe mwandiko. Herufi zangu zinalala kama mpunga uliopigwa na mvua, na r na l zinanichanganya tangu darasa la kwanza hadi la saba, nilipoishia. Naandika polepole. Neno nikiliona limekaa vibaya nalifuta, nikilirudia linakaa vibaya zaidi, basi naliacha. Mkikwama mahali, someni kwa sauti, maana mengi ya haya niliyasema kwa mdomo kabla sijafikiria kuyaandika.

Nilikuwa mhudumu hospitalini Kyela mpaka nilipostaafu. Wagonjwa waliniita sista, nami sikuwa sista. Nilifua, nilideki, nilibeba. Ila kwa miaka mingi kazi yangu kubwa ilikuwa kuwasindikiza wagonjwa waliopewa rufaa ya kwenda Dar es Salaam. Matroni alinichagua kwa sababu ya aibu yangu. Alisema, "Atu hana mdomo. Mgonjwa wa safari ndefu anataka mtu wa kumsikiliza, siyo mtu wa kumsimulia." Hivyo msichana aliyekuwa akijificha nyuma ya mlango wageni wakija ndiye akawa msafiri kuliko ndugu zake wote.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya Mbugani, pale Kyela mjini, yalikuwa yameanza kujaa vitu tulivyokuwa tukivisikia tu: sabuni za rangi, redio kaseti, vikombe vya plastiki, nguo za mitumba za kuchagua mpaka uchoke. Na hospitalini nako vitu vilibadilika. Zamani mtu mwenye tezi ya shingo iliyovimba alikuwa na njia mbili, kisu au kuvumilia. Sasa tukaanza kusikia habari za dawa inayonywewa mara moja tu, yenye mionzi.

Neno hilo mionzi liliwatia watu hofu, nami mmojawao. Dereva wetu wa gari la wagonjwa ndiye aliyelichukulia kwa furaha. Aliniuliza, "Atu, huyo mgonjwa akishakunywa, giza likiingia njiani, nizime taa za gari tuangaziwe na yeye?" Nilimwambia azime aone. Hakuzima.

Aliyenifundisha mimi ukweli wa dawa ile ni fundi wa idara ya mionzi kule Dar, Bwana Shomari, mtu wa pwani, mwembamba, mwenye utani kwa kila kabila. Siku ya kwanza aliniona nimesimama mlangoni nimejibana ukutani.

"Wewe Mnyakyusa, ingia. Hapa hatuli watu."

"Nimeambiwa kuna mionzi."

"Ipo. Imefungiwa ndani ya chungu cha madini ya risasi, kile kizito. Hata wewe na nguvu zako za kubeba ndizi hukiinui kwa mkono mmoja. Ingia nikueleze."

Akanieleza hivi. Ile tezi iliyo mbele ya shingo chakula chake ni madini joto, yale yale yanayotiwa kwenye chumvi. Ikiyakosa inavimba. Lakini zipo tezi nyingine zinazougua kwa kufanya kazi kupita kiasi, na mwenye nayo moyo unamwenda mbio hata akiwa amekaa, mikono inatetemeka, anakonda na huku anakula kuliko wote nyumbani. Basi huyo wanampa madini joto ya aina yake, yenye mionzi ndani. Tezi haijui kubagua. Inayala kwa tamaa ile ile, na mionzi inaiunguza kidogo kidogo pale pale ilipo, mpaka inatulia. Sehemu nyingine za mwili zinapata kidogo sana. Hakuna kisu, hakuna kovu.

"Na yanayobaki?" nikamuuliza.

"Yanatoka kwa mkojo, kwa jasho na kwa mate. Ndiyo maana nakwambia wewe, siyo mgonjwa peke yake. Mgonjwa ataondoka hapa akiwa amechoka, wewe ndiye utakayekumbuka."

Alinifundisha kuufikiria kama moto wa jikoni. Ukikaa nao muda mfupi huungui, ukikaa mbali huungui, ukiweka ukuta katikati huungui. Na moto huo unazimika wenyewe: baada ya siku nane nguvu ya dawa imebaki nusu, nane nyingine zikipita imebaki nusu ya nusu. Kwa sababu hiyo haitunzwi kabatini. Ilikuja kwa ndege kutoka Ulaya, na siku ilipofika mgonjwa awe ameshafika. Kuna mara gari la kwenda Mbeya liliharibika Tukuyu, tukaikosa treni, na tulipofika Dar dawa ya mgonjwa wetu ilikuwa imeshapungua nguvu chunguni, haimtoshi tena. Tulirudi mikono mitupu. Ninyi mnaoanza kazi, mkisikia dawa ya aina hii, tokeni nyumbani mapema kuliko mnavyodhani inafaa.

Na ulizeni maswali kabla ya safari. Nilimsindikiza mzee mmoja wa Bujonde, mkulima wa kakao, mtu mkarimu. Kule Dar akapimwa, wakaona tezi yake imeshiba, haitaki hata tone. Kumbe wale waliopita shuleni kwao kugawa vidonge vya mafuta ya madini joto walipomaliza watoto, yeye aliomba na vyake. "Nilisema nisiwaachie wabaki navyo," alituambia. Vidonge vile vinakaa mwilini muda mrefu. Alirudishwa nyumbani kusubiri hadi mwaka mwingine. Njia nzima alikuwa akinipa pole mimi.

Lakini swali kubwa kuliko yote ni la mimba. Kwetu, kama mjuavyo, mkwe wa kike na baba mkwe hawakutani. Akimwona njiani anatoka njiani, anajifunika uso, anaingia migombani. Hamtaji jina, hali mbele yake, hawashiki chombo kimoja. Wengi wa siku hizi mmeacha, ila wakati ule ilikuwa bado nguvu. Sasa binti mmoja mume wake alikuwa mbali, akasindikizwa na baba mkwe. Kwenye treni mzee behewa la mbele, binti behewa la nyuma, mimi katikati nakimbia na salamu. Kufika kwa daktari, mzee wa watu akaingia naye chumbani kwa kuwa yeye ndiye mwenye barua. Daktari akauliza, "Binti, una mimba?"

Binti hakuonekana. Alikuwa chini ya kitanda.

Daktari alikuwa mtu wa kwingine, akadhani ugonjwa umepanda kichwani. Kipimo cha mkojo siku hiyo kilikuwa kimekwisha. Nilimwomba ruhusa, nikamtoa binti, nikampeleka bafuni, nikamuuliza kwa Kinyakyusa, sote wawili tukitazama ukuta. Alikuwa nayo, changa. Dawa ikasimamishwa pale pale, akapewa vidonge vya kawaida. Maana mtoto aliye tumboni naye ana tezi yake, naye anakula madini joto anayoyapata kwa mama. Ukimpa mama dawa ile, umempa na mtoto, na tezi changa ikiungua mtoto anazaliwa hana. Anayenyonyesha naye hapewi, sababu ni hiyo hiyo. Tangu siku ile swali hilo niliuliza bafuni, kwa kila mwanamke, hata kwa bibi kizee. Mabibi walifurahi sana kuulizwa.

Nimewaeleza yote hayo ili nikifika kwa Mama Ambwene msinikatize.

Mama Ambwene alikuwa mjane wa Ngonga, mkulima wa mpunga, mwenye sauti ya kuita mtu aliye mto wa pili. Tezi ilimwendesha mpaka akawa mifupa. Alikuwa akitoka nyumbani kwenda barabarani anapumzika kila penye kivuli, amejishika kifua. Kikombe cha chai alikishika kwa mikono miwili na bado kinamwagika. Vidonge alivitumia, vikamshinda. Tulipoondoka Kyela alikuwa na wazo moja tu kichwani: mwanawe wa pekee, Ambwene, alikuwa ameoa, na mke wake, Tumpe, alikuwa na mimba kubwa. Mjukuu wa kwanza.

"Atu, mwanangu," aliniambia ndani ya treni, "mikono hii itamdondosha. Nataka nipone nimshike bila kutetemeka. Hayo mengine ya moyo kwenda mbio nimeshayazoea."

Siku ya dawa ilipofika tuliingia chumba cha Bwana Shomari. Juu ya meza kile chungu cha risasi, ndani yake kichupa, na ndani ya kichupa mrija. Dawa yenyewe kama maji, haina rangi. Bwana Shomari amevaa glavu, amesimama nyuma ya matofali mazito. Mama Ambwene akatazama, uso ukang'aa.

"Lo! Chungu, mrija! Kumbe mmenitengenezea kimpumu. Maji ya moto yako wapi?"

Nikamweleza Bwana Shomari kuwa kimpumu ni pombe yetu ya ulezi. Inakaa ndani ya chungu, inamiminiwa maji ya moto, watu wanaizunguka na kuinyonya kwa mrija.

"Basi kunywa, mama, yote, mpaka kichupa kilie."

Akanywa. Alikunywa vizuri, bila kumwaga hata tone, na hapo ndipo mafunzo ya mama yake yalipomjia. Aliutoa mrija mdomoni, akaufuta ncha kwa kiganja, akampokeza Bwana Shomari kwa heshima zote, goti limekunjwa. "Karibu, baba."

Sijawahi kuona mtu mwembamba akiruka namna ile. Aligonga kabati.

"Uweke! Uweke humo humo! Mama, unataka kuniua?"

"Nimekukaribisha tu," alisema Mama Ambwene, ameumia. "Kwetu hatunywi tukamwacha mtu anatazama."

Walimnawisha mkono kwa sabuni mara nyingi, wakaupitishia kile kidude cha kupimia mionzi, kinachoalika kama mahindi kikaangoni, mpaka kikapunguza kelele. Kisha Bwana Shomari akavuta kiti, akakaa mbali kidogo, utani wote umemwisha.

"Dada Atu, nieleze tena. Mrija huo kwenu ni mmoja?"

"Mmoja."

"Unapita midomo mingapi?"

"Yote iliyopo."

"Na huyu mama akirudi amepona, watafanya nini?"

Nikaona aibu kujibu, maana nilijua kabisa watafanya nini. Chungu kilikuwa kinachacha Ngonga tangu siku tuliyoondoka.

Kwa hiyo hatukutoka Dar siku ile. Mama Ambwene alikaa chumba cha peke yake kwa siku za kwanza, zile kali. Lakini hata aliporuhusiwa, aliandikiwa wiki kadhaa nyumbani za masharti: alale peke yake, sahani yake na kikombe chake, choo chake na maji mengi, nguo zake zifuliwe mbali. Asikae karibu na watoto wadogo. Na mwanamke mwenye mimba asimsogelee kabisa. Bwana Shomari aliyasema mara mbili, na mara ya pili alinitazama mimi.

Kwenye treni nilimweka pembeni dirishani, mimi upande wa pili. Kila mama mjamzito aliyetaka kukaa nilimwambia kiti kina mtu. Mama Ambwene alitazama nje dirishani mpaka Makambako ikapita. Kisha akasema, "Atu, wewe unajua wanavyosema kwetu juu ya mtu anayerudi safari, akakataa kula na watu, akamkwepa mke wa mwanawe mwenye mimba?"

Nilijua. Mtu wa namna hiyo anaitwa mchawi. Na kama mtoto angezaliwa ana kasoro yoyote, hata kikohozi, angeambiwa ni yeye.

"Kumsogelea siwezi," akasema. "Kumkwepa siwezi. Sasa niende wapi, nikae treni?"

Mimi mwenyewe nilikuwa nimefikiria kuwaeleza habari za mionzi, lakini nilipowaza kusimama mbele ya ukoo mzima na aibu yangu nikatamani kukaa treni naye.

Tulipofika Mbugani nilinunua kikombe cha plastiki, sahani, na pakiti ya mirija ya soda, ya rangi rangi. Tukaenda Ngonga kwa gari la hospitali, Mama Ambwene amekaa nyuma peke yake kama malkia. Ukoo ulikuwa uani. Chungu katikati, mvuke unatoka. Aliyetupokea wa kwanza ni wifi yake, dada wa marehemu mume, jina lake Sekela, mwanamke mnene mwenye macho yasiyokosa kitu.

"Mwagonile! Mgeni wetu! Njoo ukumbatiwe!"

Mama Ambwene akarudi nyuma hatua. Na Tumpe huyo, tumbo mbele, anakuja mbio na maji ya kunawa kumpokea mama mkwe.

"Simama hapo!" Mama Ambwene alipiga kelele. Ile sauti ya mto wa pili. Tumpe akasimama, maji yakamwagika.

Sekela akaweka mikono kiunoni. "Ehee. Dar imekufunza nini, wifi? Mkwe wako ananuka?"

Nikafungua mdomo. Nilianza kusema habari za tezi na madini joto, maneno yakanitoka kichwa chini miguu juu. Ambwene, mwanawe, akanisaidia kwa kuuliza, "Dada, unamaanisha mama ana sumu?" Neno hilo likawa baya zaidi. Wazee wawili wakasimama.

Mama Ambwene alitugeuzia mgongo. Aliingia nyumbani kwake. Tukasikia sanduku linafunguliwa. Alipotoka alikuwa amevaa koti la marehemu mumewe, koti refu la kijivu la baridi ya Mbeya, mikono imefunika vidole, kola imesimama mpaka masikioni.

"Tumpe," akasema, na sauti ameifanya nzito, "wewe uliolewa humu baba mkwe wako ameshakufa. Hujawahi kumkimbia hata siku moja. Mkwe gani huyo? Majirani wanatucheka. Basi amerudi. Nimekuja kukaa wiki chache tu, niione heshima yako."

Nilimwangalia Sekela, maana koti lilikuwa la kaka yake. Macho yake yalijaa machozi. Kisha mashavu yakaanza kutikisika, halafu bega, halafu mwili wote, na kicheko kikamtoka mpaka akashika nguzo.

"Yaani ndivyo alivyokuwa anasimama!" akasema. "Hivyo hivyo, kama anayedai ushuru! We Tumpe, unangoja nini? Baba mkwe huyo! Kimbia!"

Na Tumpe, na tumbo lake, akajifunika khanga usoni akaingia migombani. Tukamsikia akichekea huko ndani.

Baada ya hapo sikuhitaji kueleza kitu. Mambo yote ya Bwana Shomari, yale ya muda na umbali na ukuta, watu wale walikuwa wameyafanya maisha yao yote. Kwa baba mkwe, mkwe haketi karibu. Chombo chake hakiguswi. Anakula peke yake, na hakuna anayemwita mchawi, wanamwita mzee. Njia ya kisimani wakaigawa, choo wakamchimbia upya siku ile ile. Watoto wadogo niliwaambia mzee huyu mkali, wakakaa mbali kwa hiari yao. Chungu kilipoanza, nilimpa mzee mrija wake wa kijani na kikombe chake cha plastiki. Walipouona, kila mtu akadai wa rangi yake, na pakiti yangu ikaisha. Ule mrija wa kijani niliuzika mwenyewe.

Kila nilipopita kuwasalimu nilikuta vituko. Tumpe akichota maji, mtoto wa jirani anapiga mbinja, "Koti! Koti linakuja!" na Tumpe anatumbukia migombani na ndoo. Mama Ambwene naye alinogewa. Alikohoa kabla ya kupita pembe ya nyumba, kama wazee wanavyofanya. Alimtumia salamu kupitia Sekela: "Mwambie mkwe wangu wali wa jana ulikuwa mbichi." Tumpe anajibu kwa mbali, "Mwambie mzee asiye na meno alale na njaa."

Lakini kucheka kwao hakukuondoa jambo lenyewe. Siku za masharti zilikuwa bado hazijaisha, na tumbo la Tumpe lilikuwa limeshuka.

Uchungu ulimshika asubuhi, wanaume wako shambani. Ndani ya nyumba yupo Sekela peke yake. Mama Ambwene aliposikia, alitoka mbio mpaka mstari wa kwanza wa migomba, akasimama hapo. Sekela ndiye aliyenisimulia. Alisema kutoka dirishani alimwona ameukumbatia mgomba kama anataka kuung'oa.

"Mama!" Tumpe alilia. Hakuita mzee wala baba mkwe. "Mama, njoo unishike!"

Mara ya pili akaita hivyo. Sekela mwenyewe, kwa hofu, akachungulia mlangoni akasema, "Wifi, acha mchezo, vua hilo koti uingie. Mtoto anataka kuja."

Mama Ambwene akasema, "Sivui." Alikuwa analia. "Wifi, huu siyo mchezo, mmeucheza vizuri mpaka mkasahau sababu yake. Mkalishe, mpe maji. Mimi naleta gari."

Akageuka, akashika njia ya barabarani.

Ile njia, wanangu. Miezi michache nyuma aliipumzikia kila kivuli. Siku ile hakukaa popote. Sidai dawa ilikuwa imeshamaliza kazi yake, maana inachukua wiki nyingi hadi miezi, na alikuwa bado na vidonge vya kutuliza mapigo. Lakini moyo ulimvumilia mpaka mwisho wa njia. Alisimama katikati ya barabara, koti limepanuka kama mbawa, akasimamisha gari la mchele.

Mimi nilikuwa mlangoni mwa wodi ya wazazi gari lilipoingia. Sekela ameshuka, Tumpe ameshuka anatembea mwenyewe. Dereva alikuwa bado ameshika usukani kwa nguvu.

"Sista," akaniambia, "kuna mzee mmoja mrefu, mwenye koti, amenirukia barabarani. Nikamwambia panda na wewe. Akasema hapandi, mkwe wake yumo. Nimeona heshima nyingi, lakini hiyo!"

Nilicheka mpaka matroni akanikemea. Tumpe alijifungua mchana huo, mtoto wa kike. Kitu cha kwanza nilichokitazama ni shingo. Ilikuwa shingo ya mtoto, nyororo, yenye mikunjo ya maziwa, na juu yake mdomo unaolalamika kwa sauti ya mto wa pili.

Siku alizoandikiwa zilipokwisha, Mama Ambwene aliongeza nyingine chache za kwake mwenyewe. "Za kumwonea aibu Bwana Shomari," alisema. Niliitwa niwepo. Alitoka mlangoni, akalivua koti taratibu, akalikung'uta, akalitundika. Tumpe alikuja na mtoto kwa kupita katikati kabisa ya njia, polepole, kama anayejifunza kutembea humo upya. Akamweka mikononi mwake. Mikono ile bado ilitetemeka kidogo, ila haikumwangusha. Mtoto akamkojolea hapo hapo.

"Ndaga fijo," Mama Ambwene akamshukuru mjukuu. "Sasa ni zamu yako wewe kumwaga."

Miezi ilipopita mtetemo uliisha kabisa, akanenepa, akashona mikeka. Mwaka uliofuata tezi ikalala mno, akawa mzito na mwenye kusikia baridi hata mchana wa Kyela, kama walivyokuwa wamemwonya. Tangu hapo akawa na kidonge kimoja kila asubuhi kwa maisha yake yote. Hilo nalo mwambieni mgonjwa kabla hajanywa, siyo baadaye. Yeye alikuwa anakimezea kwa chai, amekishika kikombe kwa mkono mmoja.

Yule mtoto sasa ni mtu mzima. Alipoanza kusema, wote waliomzunguka walikuwa bado wanamtania bibi yake kwa jina la mzee, basi naye akamwita babu. Walimkanya, akakataa. Akamwita babu hadi siku ya kumzika, na siku hiyo koti la kijivu alilivaa yeye.

Sasa nimechoka mkono. Nawaomba jambo moja, ninyi mliosoma zaidi yangu na mnaofanya kazi kwenye makabila mengine. Niandikieni. Nielezeni kwenu, mtu akitakiwa kukaa mbali na awapendao, mnafanyaje asionekane ametupwa? Andikeni hata kwa mwandiko mbaya kama huu. Nasoma polepole, lakini namaliza.